HR aliyesaini barua za likizo bila malipo wakati wa Korona, cheti chake cha kazi kibaki?

Jamani tuambiane ukweli, tusipakane mafuta. Kuna mdau kasema HR, yaani afisa wa rasilimali watu anayeshughulikia mambo ya wafanyakazi, ni mjumbe tu na mjumbe hauawi, eti bosi ndiye aliyeamua watu waende nyumbani 2020. Mimi nakataa kabisa.

Kesi ya kwanza ya Korona Kenya ilitangazwa Machi 13, 2020, kufika Machi 25 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, hoteli za pwani zikabaki tupu. Wifi yangu alikuwa anatandika vyumba hoteli moja huko Diani, miaka 11. Barua ikamjia kwa WhatsApp, PDF ya mistari minne, likizo bila malipo mpaka hali itulie, tarehe ya kurudi hakuna, na chini saini ya HR. Si ya mkurugenzi, ya HR! Sasa Sheria ya Ajira ya 2007 haina likizo ya kulazimishwa bila malipo. Ukitaka kupunguza watu kuna kifungu cha 40, unatoa notisi ya mwezi, afisa wa leba anajulishwa, halafu unalipa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimia. Kwa wifi hapo ni mshahara wa siku 165. Na HR anakijua hicho kifungu kuliko yeyote pale kazini, ndicho alichosomea.

Isitoshe hii si kazi ya kushika mafaili tena. Tangu 2012 kuna sheria ya wataalamu wa HR, wanasajiliwa, wanapewa cheti cha kufanya kazi, na nidhamu yao inasimamiwa. Cheti ni cha nini basi kama huwezi kumwambia bosi hii mimi sisaini? Daktari akiandika ripoti ya uongo mbona hatumtetei eti alitumwa.

Najua mtasema akikataa anafutwa yeye kwanza. Hapo sina ubishi, alindwe kwanza anayekataa, ndio tuje kwa adhabu. Ila mamlaka yao yamezidi kukua, watu siku hizi wanafanyia kazi nyumbani na HR ndiye anakuwekea programu ya kuhesabu umebonyeza kompyuta mara ngapi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ipo tangu 2019, nani alikuuliza kama umekubali?

Ma-HR mko humu, nawajua. Nani amewahi kukataa kusaini, na ikawaje?