Naomba ushauri: tenki la ukubwa gani kwa bichiri watatu wakae pamoja?

Mwanashangani:
Habari zenu wakuu. Nipo Shangani, Mtwara mjini. Nina bichiri watatu (samaki warefu wa maji baridi, wa kufuga) niliowaagiza Dar wakaja na basi. Wawili ni wa aina ya Senegal, hao nawajua. Wa tatu ana mabaka mapana meusi yanayoshuka kutoka mgongoni, muuzaji alisema naye ni wa Senegal ila rangi tofauti. Wote bado wadogo, hawajapita urefu wa kiganja, na huyo wa mabaka ana matamvua yaliyochomoza pembeni ya kichwa kama vishada.

Pesa ya korosho imeingia, nataka nitengeneze tenki mara moja tu. Fundi wa aluminiamu na vioo kanipa vipimo viwili. La kwanza: urefu sm 100, upana 40, kimo 70. La pili: urefu sm 150, upana 60, kimo 50. Sebule yangu ni ndogo, kwa hiyo naegemea la kwanza. Nisaidieni kabla hajakata kioo.

BahariYaMikindani:
Dada, la kwanza liache. Bichiri ni samaki wa chini. Anatambaa sakafuni, anajilaza, anajificha, na juu anakwenda kuvuta pumzi tu kisha anarudi. Ile sm 70 ya kimo unailipia bure. Piga hesabu ya sakafu: 100 kwa 40 ni sm za mraba 4,000. 150 kwa 60 ni 9,000, zaidi ya mara mbili. Lita nazo, la kwanza likijaa ni 280, la pili 450.

Halafu angalia upana. Bichiri wa Senegal kwenye tenki hufika sm 30 hivi, wengine wanapita kidogo. Mwili wake umevikwa magamba magumu, hajikunji ovyo. Kwenye upana wa 40 akitaka kugeuka na wenzake wamelala hapo hapo, ni kugongana kutwa nzima. Na wakigongana wakati wa kula wanang'atana, maana macho yao ni hafifu, wanatafuta chakula kwa kunusa.

Kigoma_Majini:
Naunga mkono hoja, ila mimi kinachonishtua ni huyo wa mabaka. Dada, hebu subiri atulie karibu na kioo, umtazame mdomo kwa upande. Taya lipi limetangulia, la juu au la chini?

Mwanashangani:
Nimetoka kumwangalia sasa hivi. La chini limetokeza mbele, linaonekana kabisa. Wale wawili la juu ndilo limetangulia kidogo.

Kigoma_Majini:
Basi huyo si wa Senegal. Taya la chini likitokeza ni kundi la wale wakubwa, na kwa mabaka unayoyaeleza nadhani ni Polypterus endlicheri. Anaweza kufika sm 60 na kuzidi. Huku kwetu Ziwa Tanganyika yupo ndugu yake wa karibu, congicus, ambaye amewahi kupimwa akikaribia mita moja. Tupia picha tuhakikishe.

Kama ndiye, hata hilo tenki la 150 litamtosha kwa muda tu. Akikua anahitaji urefu wa mita mbili na upana wa sm 75 au zaidi. Na bichiri humeza chochote kinachoingia mdomoni. Leo wako sawa kwa sawa, ila huyu akiwatangulia kukua, wale wawili hawako salama.

Mzee wa Ndoro:
Mimi niko Lindi, ninao wawili wa Senegal kwenye tenki la sm 120 kwa 45 na wana afya nzuri. Kwa wawili linatosha. Tusimtishe mwenzetu aone kwamba lazima ajenge bwawa.

BahariYaMikindani:
Shikamoo mzee. Kwa wawili wa Senegal nakubali, 120 kwa 45 ndiyo kiwango cha chini. Lakini dada anao watatu, na mmoja ni wa jamii kubwa.

VioovyaMasasi:
Mimi ni fundi, naongelea kioo. Kwa hilo la 150 usikubali kioo cha milimita 6. Dai milimita 10, na mikanda ya kioo juu kushikilia kuta zisitanuke. Silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Maji, kioo na mchanga vitagonga nusu tani, kwa hiyo stendi iwe ya chuma na sakafu iwe ya zege iliyonyooka. Meza ya sebuleni haifai.

BahariYaMikindani:
Nimesahau mfuniko! Bichiri ana mapafu, akinyimwa hewa ya juu anaweza kufa maji. Acha sm 8 hivi kati ya maji na mfuniko, na mfuniko wenyewe ubane kila tundu, hata pale bomba la filta linapopita. Samaki hawa wanatoroka. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walichapisha matokeo ya kuwalea bichiri wa Senegal nchi kavu penye unyevu kwa miezi minane, wakitembelea mapezi. Kutoka kwenye tenki hakumshindi.

Mchanga chukua wa mtoni, laini, uoshe hadi maji yatoke meupe. Wa ufukweni una chumvi na vipande vya kombe, uache.

Mwanashangani:
Ahsanteni sana wakuu, nimeelewa. Nimempigia fundi, tunafanya 150 kwa 60, kioo cha milimita 10, na makochi nitayasogeza. Wale wawili wa Senegal watakaa humo. Picha ya wa tatu naipandisha kesho mchana kukiwa na mwanga. Akithibitika ni endlicheri sitamtupa mtoni wala bwawani, huku si kwao. Kwa hiyo mwenye tenki kubwa Mtwara, Lindi au hata Dar, aliye tayari kumlea, aniandikie faragha.

Kigoma_Majini:
Mpaka apatikane mtu, mtenge kwa kioo cha kati, na uwalishe wote usiku taa ikiwa imezimwa. Minyoo ya ardhini na kamba wabichi wasiotiwa chumvi. Dagaa wa kukaushwa kwa chumvi usiwape.