Klima: kuongeza gazi kila mwaka, kutafuta tobo, ao kununua mupya?

PapaJunior_Kampemba: Jambo bandugu. Klima ya salon haitoe tena baridi, na jua ya mwezi wa kumi iko inatupika. Frigoristi mumoja anataka tufanye kontra, atatia gazi kila mwaka. Mwengine anasema atafute kwanza fasi inatokea. Bibi yeye anataka mupya, lakini minervali ya batoto haiyalipwa. Kwenu munatiaka gazi kisha miaka ngapi?

Frigo_Ruashi: Gazi gani? R22, R410A, R32? Iko na miaka ngapi? Unaomba dawa hausemi unaumwa wapi. Kontra ya gazi kataa, gazi haikwishake sawa mafuta ya motokari, inazunguka mu tuyo inarudi. Ikipungua kuko fasi inatoka, mara mingi ku ekru (kile chuma cha kukaza) ya tuyo ya mukuba kule inje.

MamaGloire: Miye gazi ilinitesa. Fundi alikuja na kinga, chupa moja nyuma, hata etiketi hakuangalia, akatia, akapokea makuta akaenda, ile siku baridi ilikuwa, kesho yake kompresa ikaanza kulia sawa kinu, siku ya tatu kimya. Kumbe mashini ni ya R410A, yeye alitia R22 juu njo ile alikuwa nayo! Sasa niko na ventilateri.

Kamalondo243: Banawadanganya, angalieni umeme. Mangaribi kila mutu akiwasha reshodi, klima haipate nguvu. Nunua regilateri ya kutuliza umeme. Na kweli, huku Lubumbashi, juu mita 1200 usiku baridi inaingia yenyewe, klima ni ya bantu ba Kinshasa.

Goma_Volcan: Sisi huku tunalala na blanketi 😂

MamaGloire: Kamalondo, wewe unakaa chini ya muembe, miye mabati juu ya kichwa.

PapaJunior_Kampemba: Etiketi jua iliifuta, nasoma 12000 tu, ile namba ya nguvu ya mashini. Tuyo ndogo inafanya barafu.

Frigo_Ruashi: Barafu? Osha kwanza filtri. Ikirudia, paka sabuni ku ekru, povu itakuonyesha tobo. Kama ni R410A na ilitoka mingi, usikubali baongeze juu juu, ni gazi mbili zilichanganywa: banaitoa yote ku chupa, banavuta hewa na pompi, banatia ingine kwa kupima kilo. Na iko na miaka ngapi?

PapaJunior_Kampemba: Filtri iko fasi gani? Tangu tuinunue hatuyafungua.