Maluach dakika 21, ribaundi sifuri: namba 5 wa Duke alipaswa kuwa nani?

Senta wa Temeke (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za usiku. Nimetoka kuirudia mechi ya Duke na Houston, ile nusu fainali ya mpira wa kikapu ya vyuo vya Marekani ya tarehe 5 Aprili 2025 pale San Antonio. Hii ni mara ya tatu. Mara ya kwanza niliiona ikichezwa. Huku kwetu ilikuwa inaelekea saa kumi alfajiri ya Jumapili, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai na sauti nimeizima nisiwaamshe watoto. Leo nimeitazama kwa jambo moja tu: Khaman Maluach, senta (namba 5) wa Duke, yuko wapi kila Houston wanapotupa.

Duke walikuwa mbele kwa pointi 14 zikiwa zimebaki kama dakika 8. Wakafungwa 70-67. Cooper Flagg alifunga 27. Maluach, futi 7 na inchi 2, alicheza dakika 21 na hakupata ribaundi hata moja, yaani hakudaka hata mpira mmoja uliorudi baada ya mtupo kukosa. Sifuri, wakuu.

Kila nikiitaja mechi hii pale Don Bosco Upanga tukimaliza mazoezi, jibu ni lile lile: "Mrefu mzembe." Linanichoma, kwa sababu mimi mwenyewe nacheza namba 5 tangu kidato cha pili. Kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kocha wetu alinitoa dakika ya sita, akaniambia mbele ya timu nzima kwamba urefu wangu ni wa kubadilishia balbu. Nilichokosea hakuniambia. Nilikaa benchi hadi filimbi ya mwisho, taulo kichwani, na nilirudi nyumbani sijui nirekebishe nini.

Sasa naomba tujadili kama watu wa mpira. Kosa ni la kijana, au ni la aliyempanga? Kocha Jon Scheyer alianza na Tyrese Proctor, Sion James, Kon Knueppel, Flagg na Maluach. Mngekuwa nyie, namba 5 mngempa nani? Na pembeni yake mngemweka nani?

Gadi wa Eastlands (Nairobi)

Pole kwa hiyo ya balbu, ndugu yangu. Hakuna mchezaji anafaa kuambiwa hivyo.

Lakini kwa Maluach tutatofautiana. Dakika 21 bila ribaundi ni dakika nyingi mno. Mimi ningemtoa mapema kipindi cha pili, Flagg acheze namba 5, hao wengine wanne wawe watu wa nje. Houston hawakuwa na jitu la kuogopewa pale chini. J'Wan Roberts na Joseph Tugler wote ni futi 6 na inchi 8. Flagg amewazidi inchi moja, na miguu yake ni ya haraka. Sasa mtu wa futi 7 unamweka amlinde nani?

Na mtu asiniletee habari ya Maliq Brown wa Duke. Najua yeye ndiye angefaa, anakaba namba zote. Lakini bega lake liliteguka Machi kwenye mashindano ya ACC, ligi ya kina Duke, na hakuwa amerudi sawasawa.

Kocha wa Wasichana (Arusha)

Jamani, mnaongea kana kwamba ribaundi inashikwa hewani. Inashikwa chini, kabla mpira haujagusa ringi.

Nafundisha wasichana wa sekondari. Jumatatu nzima hatutumii ringi kabisa. Wanasimama wawili wawili, mmoja mfupi mmoja mrefu, mimi natupa mpira ukutani. Mfupi anageuka, anachuchumaa kidogo, anamwekea mwenzake makalio kwenye mapaja, juu tu ya magoti. Mrefu akitaka kuruka, hawezi. Si kwamba hataki. Mtu aliyebanwa pale juu ya goti hana pa kuanzia kuruka, na akilazimisha anampanda mwenzake mgongoni, filimbi inalia. Nina binti mmoja ambaye kimo chake hakifiki begani kwa senta wetu, na wiki nzima senta hajamnyang'anya hata mmoja.

Houston ya kocha Kelvin Sampson inaishi kwa hilo. Kwao shuti likikosa, ndiyo shambulizi limeanza. Angalieni yale mabao ya lala salama. Emanuel Sharp wa Houston anafunga pointi tatu, inakuwa 67-64, Duke bado mbele. Duke wanaingiza mpira, Mylik Wilson anaunyakua, anatupa pointi tatu, anakosa. Nani yuko pale? Tugler. Anaudaka na kuuzamisha, 67-66. Halafu Proctor anakosa mtupo huru, Roberts yuko ndani na Flagg yuko nyuma yake, Flagg anaitwa faulo ya kumpanda mgongoni. Zimebaki sekunde 19.6. Roberts anatia yote mawili, 68-67.

Kwa hiyo, Gadi, huyo Flagg unayetaka awe namba 5 ndiye aliyenaswa kwenye kosa lile lile. Simlaumu. Kwenye mtupo huru anayelinda ndiye anayesimama ndani, kwa hiyo Flagg alikuwa nyuma kwa sheria ya mchezo. Nasema tu kwamba ukimhamisha namba hujatibu ugonjwa.

Na lingine, Senta. Umesema umemtazama Maluach kila wanapotupa. Ulimwona akiwa nje ya mstari wa pointi tatu mara ngapi? Duke msimu ule walibadilishana watu kwenye skrini (mshambuliaji anaposimama kumzibia njia mkabaji), ndiyo maana walipanga kikosi kirefu vile, hata gadi wao, wale wachezaji wa nje, wana futi 6 na nusu. Skrini ikiwekwa, senta anatoka kumkaba gadi, gadi anabaki chini na mtu mzito. Mpira unatupwa, senta yuko mbali na ringi. Ribaundi ya hapo si yake tena, ni ya yule aliyebaki chini.

Senta wa Temeke

Kocha, asante sana. Nimerudi kuangalia kipindi cha pili nikiwa na maneno yako. Ndiyo, mara nyingi mpira unapoondoka mkononi mwa Houston yeye anamtazama gadi usoni, mikono juu, ringi iko nyuma yake mbali. Akigeuka kukimbilia ndani, njia imeshafungwa.

Lakini mbona mpango huo huo uliwafaa siku chache kabla? Alabama walikuwa wametoka kuipiga BYU kwa mitupo 25 ya pointi tatu, wakaja kwa Duke wakafungwa 85-65.

Kocha wa Wasichana

Kwa sababu Alabama wanakuua kwa mbali. Ukiwafuata nje kwa watu warefu umewamaliza, wakikosa hawarudi kugombania kwa nguvu ile. Houston wakikosa ndipo wanapokuja. Kikosi kile kile, mpinzani mwingine, na hakikubadilishwa.

Mzee wa Hartford (Connecticut)

Vijana, mmenirudisha mbali. Mwaka 2009 nilikuwa nafanya kazi ya usiku hapa Hartford, na kijana wetu Hasheem Thabeet alikuwa UConn, Chuo Kikuu cha Connecticut, mwaka wake wa tatu. Mtoto wa Dar, futi 7 na inchi 3. Msimu ule alizuia mitupo 152. Watanzania wachache tuliokuwa huku tulikuwa tunapigiana simu baada ya kila bloku.

Tarehe 16 Februari walikuja Pittsburgh. UConn ndio namba moja nchi nzima. Namba 5 wa Pittsburgh alikuwa DeJuan Blair, futi 6 na inchi 7, kifua kama mlango. Usiku ule Blair alipata pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet pointi 5, ribaundi 4. Mpira mmoja waligombania, mikono ikafungana, Blair akambeba Hasheem begani akamwangusha kwa mgongo. Nilisimama peke yangu kwenye chumba cha mapumziko pale kazini, kahawa mkononi, sikuketi hadi alipoinuka. Pittsburgh walishinda 76-68. Mwisho wa msimu wawili hao waligawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East, ligi ya vyuo vyao.

Walisema na wao, "mrefu hana nguvu." Wakasahau kwamba kijana huyo huyo alikuwa na wastani wa ribaundi zaidi ya 10. Mimi ninavyokumbuka, kilichomsaidia Hasheem siku nyingi ni jirani yake. Namba 4 wa UConn alikuwa Jeff Adrien, mfupi kwa namba ile, lakini mzito wa kiuno. Adrien alikuwa anawasukuma watu nje, Hasheem anabaki na anga. Namba 5 mrefu na mwembamba lazima apewe jirani wa namna hiyo. Sasa niambieni, jirani wa Maluach alikuwa nani?

Senta wa Temeke

Shikamoo mzee wangu. Swali lako limenikalisha.

Jirani wake alikuwa Flagg. Na Flagg ndiye aliyekuwa akiuleta mpira, akitupa, akikaba mtu yeyote hatari, akitoka chini kwenda kuzuia. Tulimtaka pia awe Adrien. Mtu mmoja, miaka 18.

Mtoto wa Kawempe (Kampala)

Ndugu zangu, Kiswahili changu ni cha Kampala, mnivumilie. Mimi ni wa Sudan Kusini, nimekulia hapa Kawempe, pale pale Khaman alipokulia baada ya familia yake kutoka Rumbek. Watu wanamwona kama senta aliyekamilika kwa sababu ya urefu wake. Huyu mtoto ameanza kushika mpira wa kikapu kama mwaka 2019. Hesabuni miaka. Roberts alikuwa kwenye vyuo muda mrefu kiasi kwamba alikuwa mwanamume mzima pale uwanjani.

Mwaka 2024 alicheza BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, na City Oilers yetu ya Kampala, miezi michache baadaye yuko Paris kwenye Olimpiki na timu ya taifa, miaka 17. Nilikuwa kwenye kibanda cha televisheni siku tulipoifunga Puerto Rico 90-79. Wazee walilia.

Na siku ile ya Houston, tarehe 5 Aprili, ndiyo siku Marekani walitangaza kufuta viza za wenye pasipoti za Sudan Kusini. Siku ile ile. Sisi hapa tulitazama mechi tukijiuliza kama kesho yake atafukuzwa. Sisemi ndiyo sababu ya zile ribaundi. Nasema tu kwamba neno "mzembe" mimi sitalikubali.

Gadi wa Eastlands

Kaka wa Kawempe, hilo la viza lilinipita kabisa. Pole sana. Neno "mzembe" silitumii, na sikulitumia.

Lakini swali la Senta bado lipo. Mnasema jirani. Jirani yupi? Brown anaumwa. Patrick Ngongba ni mwaka wa kwanza kama Maluach.

Senta wa Temeke

Jirani alikuwa benchi: Mason Gillis.

Nisikilizeni. Gillis alihamia Duke kutoka Purdue, na pale Purdue alicheza miaka pembeni ya Zach Edey, futi 7 na inchi 4, hadi fainali ya 2024 waliyofungwa na UConn. Hakuna mtu kwenye kikosi kile aliyejua kuishi na senta mrefu kumzidi yeye. Ni mfupi, futi 6 na inchi 6 tu, lakini ana mwili, na hafanyi kazi nyingine ila kumweka mtu mgongoni na kutupa pointi tatu akiachwa.

Kikosi changu tangu ile tofauti ya 14 ilipoanza kuyeyuka: Proctor 1, Knueppel 2, Flagg 3, Gillis 4, Maluach 5. Flagg anapumzika na kazi za chini. Na kuanzia hapo tunaacha kubadilishana watu kwa senta. Maluach anarudi nyuma, anabaki na ringi, gadi apambane na skrini yake mwenyewe.

Gadi wa Eastlands

Umemtoa Sion James, mkabaji wako bora wa nje. L.J. Cryer wa Houston alifunga 26 James akiwepo. Bila yeye je? Na Maluach akirudi nyuma, Cryer anatupa akiwa peke yake juu ya skrini.

Kocha wa Wasichana

Hapo Gadi ana hoja nzito, Senta. Kila shimo ukiliziba unafungua lingine. Mimi ningekubali kikosi chako kwa dakika tatu au nne tu, nivunje mwendo wao, kisha James arudi.

Senta wa Temeke

Nimeifikiria hiyo tangu jana, Gadi. Jibu langu ni hili: Cryer anitupie. Akiwa amekabwa vizuri alitia, akiwa huru atatia, sina uwezo naye usiku ule. Lakini akikosa, ule mpira mmoja anaokosa, nataka uishie mikononi mwangu. Duke hawakufa kwa shuti la kwanza. Bao la Tugler lilitokana na shuti lililokosa.

Kocha, dakika zako tatu nne nazikubali. James arudi zikibaki dakika mbili, Knueppel apumzike, au hata Proctor.

Leo jioni niliwaomba wenzangu pale Upanga tufanye lile zoezi lako la ukutani. Nilipangiwa fundi mmoja wa magari, ananifikia kifuani. Alijiegemeza juu ya magoti yangu kama ulivyoeleza, mpira ukapiga ukuta, ukadunda mbele yetu, na mimi miguu haikuondoka chini. Mara kumi, nilishika miwili. Kesho tunabadilishana, mimi ndiye nitakayekuwa mbele. Mzee wa Hartford, kama una mkanda wowote wa Adrien akicheza pembeni ya Hasheem, tafadhali nielekeze pa kuupata.