Naomba ushauri: kabati la taulo na mashuka lililo jirani na bafu

Habari zenu wakuu. Nina kabati jembamba lakini lenye kina, limepakana na bafu, na ndimo tunamoweka taulo, mashuka na foronya. Kinachonisumbua ni unyevu. Taulo zinaingia zikiwa zimekauka kabisa, lakini zikikaa kidogo zinanuka uvundo, hasa za nyuma kusikofika hewa. Nafikiria kutoboa matundu mlangoni, au kuondoa rafu za mbao niweke za waya. Kipi kinasaidia zaidi kwa aliyejaribu?

Halafu taulo mnazikunja bapa au mnazivingirisha? Mashuka kila seti naitia ndani ya foronya yake, hapo sina tatizo. Dawa na sabuni za maji siweki humo, hata mkinishawishi.