Chaki (kifaa cha taya cha kubania mbao) ipi inafaa kwa mashine ya kukereza mbao? Nataka kuanza mabakuli

FundiChanga_Moro:
Habari za jioni wakuu. Nina mashine ya kukereza mbao, ya mtumba, ilitoka Uingereza kwenye kontena, mota nzima kabisa, na toka niichukue nakereza miguu ya meza na nguzo za vitanda tu, zile za kubana kati ya senta mbili, yaani ncha ya mbele na ya nyuma ya mashine. Sasa nimepata mteja ana hoteli anataka mabakuli ya mninga, na bakuli ukilibana kati ya senta mbili ndani utachimbia wapi? Naona wenzetu mtandaoni wanatumia chaki ya taya nne, ila zipo kibao, mara Nova, mara Record Power, mara Vicmarc, mara za Kichina zisizo na jina. Halafu jirani yangu wa karakana ya vyuma ana chaki ya taya tatu aliitoa kwenye leti, yaani mashine ya kukereza, ya chuma, anataka kuniachia kwa bei ya kutupa. Bajeti yangu laki tatu, nikijikaza nne. Mashine inabeba mpaka kipenyo cha inchi 12. Naombeni ushauri kabla sijaingia mkenge.

Mzee_wa_Keko:
Kijana jina la chaki baadaye, kwanza spindo yako, ule mhimili unaozunguka, ina thredi gani, yaani meno ya skurubu? Hapo ndo pesa za watu zinapotea. Mashine za Uingereza na Ulaya nyingi ni M33 x 3.5, yaani kipenyo milimita 33 na jino hadi jino milimita 3.5, za Marekani kubwa ni inchi moja na robo thredi 8 kwa inchi, zile za size ya kati ni inchi moja thredi 8, vidogo vya juu ya meza unakuta robo tatu ya inchi thredi 16 au M18 x 2.5. Sasa angalia ubaya wake, inchi moja na robo ni milimita 31.75 na M33 ni 33, kwa macho huoni tofauti, unaagiza, inakuja, unaivalisha inacheza kwenye spindo kama kofia ya kuazima. Chukua venia, kile kipimio cha milimita cha taya mbili, pima juu ya thredi, ukipata kama 32.8 usishangae, thredi huwa inapungua kidogo. Kisha pima urefu wa thredi 8 mfululizo, ikija milimita 28 hiyo ni 3.5, ikija 25 na ushee hiyo ni thredi 8 za inchi. Pima ndo urudi tuongee.

kamau_wa_mbao:
Niaje kutoka Nairobi. Hiyo ya taya tatu ya jirani wachana nayo hata akikupa bure. Ilitengenezwa kushika chuma, taya zake ni nyembamba, zinauma mbao sehemu tatu tu, ukikaza inabonyea, ukilegeza inatoka. Na zile taya zikijitokeza nje ya mwili wa chaki huku inazunguka huzioni, zitakupiga vidole kabla ujue nini imehappen. Pia kuna zile za Kichina zimeandikwa K72, hizo kila taya inasonga peke yake, mtu wa chuma anazipenda lakini wewe utakaa unatafuta senta mpaka jua lizame. Unataka ile ya taya nne zinazosonga pamoja, imetengenezwa ya mbao.

Salma_Mkereza:
Kamau kamaliza kuhusu taya tatu. Mimi niko Uingereza huku na nakereza kila wikendi kwa hiyo niongezee ya chapa. Vicmarc ni ya Australia, chuma chake kizito na inakaza vizuri mno, ila kwa laki tatu kaka sahau. Nova zipo zinazotumia inseti, yaani mwili ni mmoja, kile kipande cha thredi unakibadilisha, kesho ukinunua mashine nyingine hununui chaki upya, Oneway Talon nayo ni hivyo hivyo. Kwa fundi anayetumia mashine za mtumba hiyo inseti ina maana kuliko jina. Na uliza taya za ziada zinapatikana vipi, usitegemee za kampuni moja zitaingia kwa nyingine.

Ila kitu ambacho wauzaji hawasemi, taya zile nne zilikatwa kutoka kwenye pete moja. Zinatengeneza duara kamili kwenye size moja tu, pale zinapokuwa karibu zimefunga, ukizifungua sana zinashika kwa pembe tu, ndo unaona mbao ina alama nane za meno. Kwa hiyo chaki ya taya za milimita 50, kile kitako unachokikereza chini ya bakuli kiwe 50 kuelekea 55, kisiwe 80 kwa sababu taya zinafika huko. Bakuli kubwa linataka kitako cha kama theluthi ya upana wake, basi hapo ndo unaongeza seti ya taya kubwa. Na bega la bakuli likalie uso wa taya, ncha ya kitako isiguse chini ndani ya chaki, ikigusa bakuli litayumba hata ukaze vipi.

Pwani_Ukereza:
Assalam aleikum. Mimi nna mawazo tofauti kidogo, kwa nini mnamkimbiza kijana kwenye chaki? Wazee wetu Unguja wamekereza miaka bila hivyo vidude. Chukua sahani ya chuma ya kufungia kwenye spindo, ifunge kwa skurubu kwenye kipande cha mbao chakavu, hicho kipande ukigandishe kwa gundi kwenye kitako cha bakuli, ukimaliza unalikata. Mabakuli kumi ya mwanzo utayatoa hivyo bila kutumia laki hata moja, na sahani fundi leti yeyote atakukerezea akishajua thredi.

Mzee_wa_Keko:
Sheikh sikatai, na gogo bichi lisilo sawa hata mimi naanza na sahani na senta ya nyuma imekandamiza, siliamini kwenye chaki. Lakini kijana ana oda ya hoteli. Gundi unasubiri ikauke kila bakuli, saa ngapi atamaliza? Awe na vyote viwili.

FundiChanga_Moro:
Asanteni sana aisee. Nimepima, juu ni 32.8 kama mzee alivyosema, thredi 8 zimekuja 28. Taya tatu nimeshamwambia jirani abaki nayo. Swali la mwisho, mashine ina swichi ya kugeuza mzunguko, hiyo haina shida na chaki? Na spidi gani?

Salma_Mkereza:
Basi ni M33 x 3.5, mwandikie muuzaji hivyo hivyo na umtumie picha ya spindo. Kugeuza mzunguko kuna shida, chaki inajifungua yenyewe kwenye thredi, kwa hiyo tafuta yenye skurubu ndogo ya kuifungia kwenye spindo, kama haina usiguse hiyo swichi. Spidi gawanya 6000 mpaka 9000 kwa inchi za upana wa bakuli, la inchi 10 ni mizunguko 600 hadi 900 kwa dakika, gogo likiwa halijakaa sawa anza chini zaidi ya hapo.

kamau_wa_mbao:
Na ufunguo wa chaki ukishakaza toa hapo hapo, usiuache umechomekwa hata sekunde. Ngao ya uso, na barakoa pia, vumbi la mninga linawasha pua vibaya. Ukipata ya Kichina yenye M33 na seti mbili za taya za ziada kwa hiyo laki tatu chukua, ila kabla ulipe mwambie akutumie video akifungua na kufunga taya zote.