Nimemwita diwani "kupe" kwenye grupu la mtaa kisa tozo, Jumatatu naitwa ofisini. Naombeni ushauri

Mtoto wa Ziwa (mleta uzi), Jumamosi 20 Agosti 2022

Wakuu habari za jioni. Nina kibanda cha miamala ya simu (kutuma na kutoa hela) hapa Mwanza, huu mwaka wa sita.

Jumatano usiku diwani wetu alitupia picha ya msingi wa darasa kwenye grupu la maendeleo ya mtaa, akaandika kwamba tozo za serikali kwenye miamala ya simu tunazozilalamikia ndizo hizo zinazojenga, mwenye macho aone. Siku hiyo nilikuwa nimeshinda kibandani kutwa, kamisheni niliyopata haifiki hela ya kula mchana. Hasira zikanipanda, nikarekodi sauti ya dakika mbili.

Mwanzo nilieleza vizuri tu. Kwamba nikimtumia mama yangu kule Bunda 50,000 nakatwa tozo mimi ninayetuma, na yeye akienda kuitoa anakatwa tena, na hapo makato ya kampuni ya simu yapo palepale. Kwamba tangu tozo ianze Julai mwaka jana kuna wateja siwaoni kabisa, wanampa konda wa basi bahasha ya hela na soda. Kwamba mwezi uliopita serikali imeipeleka tozo hadi benki, hata pa kukimbilia hamna. Ningeishia hapo! Mwishoni nikasema diwani na wenzake ni kupe, wananyonya ng'ombe aliyekonda.

Sauti imesambaa, nimeikuta hadi kwenye grupu la mawakala wa Sengerema. Jana mtendaji wa mtaa kanipigia, Jumatatu saa tatu nifike ofisini kwake. Mke wangu halali, anataka nikapige magoti. Shemeji yangu, ambaye ni kada wa chama, anasema niandike barua nikanushe yote. Mimi naona kuhusu tozo nilisema kweli. Nifanyeje?

Kiroboto

Ng'ombe aliyekonda hahaha. Mkuu usikimbie mji, Jumanne ni sensa, wakukute nyumbani uhesabiwe.

Mama Ntilie wa Sheria

Pole kaka. Nifanye kama nakusikiliza pale mezani kwangu.

Sauti yako ina mambo mawili, usiyachanganye hata ukibanwa. Moja ni malalamiko juu ya tozo. Hiyo ni sera, ilipita bungeni kwenye Sheria ya Fedha ya 2021, na Ibara ya 18 ya Katiba inakupa haki ya kutoa maoni yako. Hata serikali yenyewe imeshakiri kwa vitendo kwamba ilikuwa nzito: ilianza Julai 15 mwaka jana ikiwa shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwezi uliopita kiwango cha juu kimeshuka hadi 4,000. Wamepunguza kwa sababu watu walisema. Kwa hiyo usikanushe. Ukikanusha kitu ulichokitamka kwa sauti yako, umejifanya muongo bure.

La pili ni kupe. Hapo ulimshambulia mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 si ya kuchezea. Kifungu cha 16 kuhusu taarifa za uongo kina faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka mitatu, au vyote. Mwaka 2016 mkazi mmoja wa Arusha aliambiwa alipe milioni 7 au aende ndani miaka mitatu kwa alichoandika Facebook kumhusu rais. Wewe hujatoa taarifa ya uongo, umetukana tu, ila usimpe mtu nafasi ya kutafuta kifungu.

Omba radhi kwa neno kupe. Kwa hilo tu. Nenda na mzee mmoja anayeheshimika mtaani, na ukipewa karatasi ya kusaini isome yote kwanza.

Mzalendo Halisi

Mnamdanganya kijana. Vituo vya afya vya tarafa vinajengwa kwa hela gani? Kila mtu anataka barabara, kodi hataki. Mimi kwetu mama mjamzito alikuwa anabebwa kwa baiskeli, leo kituo kipo. Diwani alionyesha kazi, akatukanwa. Kapige magoti.

Mtoto wa Ziwa

Mkuu Mzalendo sijakataa kituo. Nimeuliza kwa nini kijengwe kwa 50,000 ya mama yangu, ambayo mimi nilishaikatwa kabla haijamfikia.

Jirani wa Mutukula

Nipo mpakani na Uganda, naona pande zote. Uganda walianza Julai 2018 na asilimia 1 kwa karibu kila muamala wa simu. Watu wakachachamaa, mwaka huohuo ikabaki asilimia 0.5 kwenye kutoa tu. Kenya nao mwaka huu wa 2022 wana ushuru wa asilimia 12, lakini unakaa kwenye ada ya kampuni, haugusi hela yenyewe unayotuma. Ukienda Jumatatu sema hivyo: kodi ya ada na kodi ya mtaji wa mtu ni vitu viwili tofauti. Hiyo inamkalia mtu kooni kuliko kupe.

Babu Machungwa

Wajukuu, nyie hamkuiona kodi ya maendeleo. Mgambo anakusimamisha sokoni, huna risiti, unafungwa kamba na mwenzako. Sisi tulikuwa tunalala migombani. Watu waliisema kwenye vilabu, kwenye misiba, hadi ikafutwa 2003. Hakuna aliyeifuta kwa kupiga magoti. Lakini pia simkumbuki aliyeifuta kwa kumtukana mtendaji, maana mtendaji mwenyewe alikuwa anatumwa.

Diwani wako hapangi tozo, mjukuu. Imepangwa Dodoma. Ulimpiga aliyekuwa karibu.

Kiroboto

Babu kamaliza. Ila na yeye diwani angenyamaza na picha yake.

Mtoto wa Ziwa (MREJESHO), 22 Agosti

Nimetoka salama. Nilikwenda na mzee wa msikitini kwetu. Diwani alikuwepo, sikutegemea. Nikamwambia: mheshimiwa, neno kupe nimekosa, nisamehe, ni hasira za njaa. Mengine yote niliyosema nayasimamia. Nikafungua daftari langu la wateja, nikaweka mezani Juni ya mwaka jana na Julai ya mwaka huu. Mtendaji alilisoma kuliko diwani.

Diwani akaniuliza, unataka mimi nifanye nini? Nikakumbuka maneno ya Babu. Nikamwambia ampelekee mbunge. Akacheka, akasema hata yeye akimtumia hela mwanaye aliyeko chuo anakatwa, ila hawezi kusema kwenye grupu. Daftari kaliomba apige picha, nikamruhusu. Karatasi ya kusaini haikuwepo. Mke wangu kalala leo.

Mzalendo Halisi

Hongera kwa kuomba radhi. Mengine hatukubaliani.

Mtoto wa Ziwa, 20 Septemba

Naupandisha uzi. Leo Waziri wa Fedha Mwigulu katangaza bungeni, kuanzia Oktoba 1 baadhi ya tozo za benki zinafutwa na za simu zinashuka, cha juu 2,000. Msiniulize kama picha ya daftari langu ilifika Dodoma, sidhani. Konda wa basi la Bunda kapita kibandani jioni, kaniuliza kama ndiyo kazi yake imeisha. Nimemwambia asubiri kwanza mama akatoe hela Oktoba, ndipo tujue.