Nimetoka rimu za 15 kwenda 17 kwenye IST, tairi inakwaruza. Nirudi nyuma au kuna dawa?

Kimara_IST: Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kabla sijapoteza hela mara ya pili.

Nina Toyota IST. Ilikuwa na tairi 185/65R15, na ndizo zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Wiki tatu zilizopita duka moja hapa Dar liliniuzia rimu za 17 na tairi 205/55R17. Fundi akasema zinaingia bila shida. Kweli ziliingia, na gari ilipendeza.

Shida ilianza nilipompakia mama na wadogo zangu wawili. Nikikata kona au nikishuka tuta, krrr! Jana nilikunja usukani hadi mwisho nikapapasa nyuma ya tairi ya mbele kushoto: kwenye bega la tairi (ukingo wake) kuna mstari laini, upana wa kidole, na plastiki ya ndani ya fenda imelika. Halafu gari ni nzito kuondoka, na usukani unatetema nikifika 90.

SpanaMkononi: Pole mkuu. Kosa liko kwenye hiyo 55. Ni asilimia ya upana wa tairi, ndiyo inayotoa kimo cha ubavu. Tairi yako ya zamani: 185 mara 0.65 ni milimita 120. Zidisha mara mbili, ongeza rimu ya inchi 15 (381), unapata kimo cha tairi nzima, 621. Hii mpya inafika 657. Tairi imekua milimita 36, karibu asilimia 6, ndiyo maana gari inaondoka kwa shida. Na sindano ikiwa kwenye 80, sasa unakwenda karibu kilomita 5 kwa saa zaidi ya ulivyokuwa ukienda zamani sindano ikiwa hapohapo. Tochi ya trafiki inapima mwendo halisi, kuwa makini.

Wangekupa 205/45R17, kimo kingekuwa 616, karibu sawa na zamani.

Mama_Goba: Kimo sawa, lakini ubavu unabaki milimita 92 tu, mdogo wangu. Mimi nilizifunga hizo. Shimo moja wakati wa mvua, rimu ikapinda na tairi ikatoka uvimbe kama yai. Kwa barabara zetu za ndani chukua 195/55R16. Kimo chake ni 621, na ubavu wa 107 bado unakulinda. Angalia pia namba ya uzito. 88 inabeba kilo 560 kwa tairi, 84 inabeba 500. Usishuke chini ya ile ya kiwandani, wewe unabeba familia.

Lami_Tupu: Mimi natembelea 17 mwaka wa pili, sijajuta. Ila njia yangu yote ni lami, na upepo napima kila wiki.

SpanaMkononi: Mkuu, soma namba ya ET nyuma ya rimu (ni milimita toka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaofungwa kwenye gari). Ikipungua kwa 10, rimu imesogea nje milimita 10. Upana nao ukiongezeka inchi moja, nusu inakwenda nje na nusu ndani kuelekea shokapu. Kuhusu kutetema, anza na balansi, kisha tundu la katikati ya rimu. Habu ya IST (kitovu kinachoingia kwenye tundu hilo) ni milimita 54.1, na rimu nyingi za dukani zina tundu kubwa zaidi. Bila ringi za habu (pete za kujaza nafasi hiyo), rimu haikai katikati sawasawa.

Kimara_IST: Nimekagua. Ringi hakuna, na rimu ina nafasi inayoonekana kwa macho kuzunguka habu. Duka limekubali kunibadilishia 16 nikiongeza hela kidogo. Nati za zamani zitafaa?

SpanaMkononi: Kama ni zile zenye washa bapa (pete za chuma) za rimu za Toyota, hapana. Rimu hizi zina matundu ya koni, zinataka nati za koni, uzi wa M12 kwa 1.5. Kabla hujalipa, zifunge mbili mbele, jaza watu, kata kona kulia na kushoto hadi mwisho. Ukishatembea kilomita 100 hivi, rudi ukaze nati tena.

Kimara_IST: Jumamosi naenda na mama na wadogo zangu wote wawili.